Bustani ya Maji Uani: Mimea ya Kinamasi Itulindie Visima

Leo tusiende shambani wala sokoni. Twendeni uani, nyuma ya jiko, pale mama anapomwaga beseni la maji baada ya kuosha vyombo. Utaona pana tope jeusi, mapovu ya sabuni, bata wanatafuta chakula, na pengine mtoto anacheza hapo bila viatu. Hatua chache mbele kuna kisima. Ni kisima hicho hicho tunachokitegemea mfereji ukikauka, na sisi wa Shanzu twajua jinsi mfereji unavyokauka.

Katika ziara zangu za vikundi huwa nauliza swali moja: "Haya maji machafu yakishamwagwa, yanakwenda wapi?" Jibu huwa ni lile lile: "Yanaingia chini, yanaisha." Je, kweli yanaisha? Tuangalie kwanza ardhi yetu ilivyo, halafu tuone njia moja rahisi ya kuyasafisha kwa kutumia mimea ya kwetu wenyewe.

ARDHI YETU INAVUJA

Chimba kidogo tu hapa Shanzu, Bamburi au Mtwapa, utakutana na mwamba wa matumbawe. Mwamba huu ulijengwa na viumbe wa baharini zamani sana, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Umejaa matundu na nyufa. Mafundi wetu wa kisima wanaujua vizuri, maana mtaimbo ukipiga mara nyingine unatumbukia kwenye shimo tupu.

Mahali penye udongo mzito, maji huteremka polepole na udongo huyachuja. Kwetu sivyo. Kwenye nyufa za matumbawe maji hupita upesi kama kwenye chekeche, na uchafu hupita nayo. Ukiyamwaga leo nyuma ya jiko, baadaye yaweza kuwa ndani ya kisima chako, ama cha jirani. Sabuni na mafuta ya vyombo, mkojo wa mtoto katika maji ya kufulia nepi, vyote vinasafiri njia moja.

Tena maji matamu ya pwani ni tabaka tu lililokaa juu ya maji ya chumvi ya bahari. Tukivuta kwa fujo, chumvi inapanda. Basi kila debe la maji yaliyotumika tunaloweza kulitumia tena kwa migomba na mipapai ni debe moja tulilokiacha kisima kipumzike.

KINAMASI NI FUNDI WA KUSAFISHA

Wazee wetu waliona zamani kwamba maji yakiingia kwenye kinamasi yakiwa na tope, hutoka upande wa pili yakiwa yametulia. Si muujiza. Kazi hiyo hufanywa hivi:

Kwanza, mashina na mizizi hupunguza mwendo wa maji, na uchafu mzito hutua chini. Pili, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho hujishika kwenye mawe na mizizi, navyo hula uchafu ulioyeyuka. Mimea ya kinamasi ina mirija ndani ya mashina yake inayoshusha hewa mpaka kwenye mizizi, na hewa hiyo huwasaidia vijidudu. Tatu, mmea wenyewe hunyonya naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye maji, vitu vile vile tunavyovinunua kwenye mfuko wa mbolea. Kwa hiyo uchafu wa jikoni unageuka kuwa majani.

Njia hii imekwisha kujaribiwa nchini kwetu. Mwaka 1994 Nairobi kilijengwa kinamasi cha kutengenezwa kwa ajili ya maji taka ya mkahawa wa Carnivore na bustani ya kuogelea ya Splash iliyokuwa jirani yake. Maji yalipitishwa kwanza kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa mimea, kisha kwenye madimbwi yaliyopangwa moja baada ya jingine. Na hapa hapa Shanzu, mwaka 2009, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) lilieleza mpango wa kutumia kinamasi cha namna hiyo kwa maji taka ya gereza la Shimo la Tewa, lenye watu wapatao 4,000. Shabaha ilikuwa kuilinda hori ya Mtwapa, na maji yaliyosafishwa yasaidie kumwagilia na kufuga samaki.

Jirani zetu wa Bamburi nao wana funzo. Timbo la kiwanda cha saruji lilikuwa jangwa la mawe meupe. Mwaka 1971 bwana mmoja Mswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, na tatu tu ndizo zilizoshika, mvinje na mnazi zikiwemo. Polepole majani yakaoza, jongoo wakasaidia kutengeneza udongo, madimbwi yakachimbwa na samaki wakafugwa. Leo watu hulipa kiingilio kwenda kutazama Haller Park. Ikiwa timbo zima limegeuka kuwa msitu wenye mabwawa, itakuwaje sisi tushindwe na kipande cha uani cha mita mbili na nusu?

NILIVYOANZA VIBAYA

Ngoja niwaambie kosa langu, mlicheke, msilirudie. Mara ya kwanza nilichimba shimo tu, nikatandika plastiki, nikajaza maji ya kufulia, nikatupia mayungiyungi mawili. Mwenyewe nilijiona mtaalamu. Wiki ya pili jirani yangu akaja jioni akijipiga makofi ya miguu, akauliza, "Dada, kwani sasa wafuga mbu?"

Alikuwa na haki. Maji machafu yaliyo wazi ni nyumba ya mbu. Yai la mbu huwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili tu, na pwani yetu mbu huleta malaria, matende, dengue na chikungunya. Bustani ya maji isiyotengenezwa vizuri ni hasara juu ya hasara.

Siri niliyoikosa ni hii: MAJI MACHAFU YAKAE CHINI YA MAWE, YASIONEKANE. Mbu hawezi kutaga ndani ya kokoto kavu. Ukiweka kidole juu ya kitanda, mawe yawe makavu. Ukichimbua kidogo, ndipo ukute maji.

JINSI YA KUTENGENEZA

Vipimo hivi vinafaa nyumba inayomwaga kama mitungi sita ya lita 20 kwa siku, yaani lita 120. Ni maji ya kuoga, kufulia na kuoshea vyombo peke yake. Maji ya choo yasiingie hapa hata kidogo. Hayo yanahitaji tangi la kutua uchafu na mtaalamu wa kupima.

1. Mahali. Chagua upande wa chini wa uwanja, ili maji yaende yenyewe. Kanuni ya kawaida ni mita 30 kutoka kisimani kwa kitu chochote kichafu, na kwa ardhi yetu yenye nyufa, ukipata zaidi ni bora. Kaa mbali pia na msingi wa nyumba. Ploti ikiwa ndogo, zungumzeni na jirani mchimbe kitanda kimoja cha nyumba mbili mahali panapofaa, na mkizidishe ukubwa mara mbili.

2. Kichujio. Chukua ndoo kuukuu, itoboe matundu chini, ijaze makumbi ya nazi. Maji yote yapitie humo kwanza. Makumbi hushika mafuta, wali na nywele. Bila kichujio, mafuta yataziba mawe na kazi yote itaharibika. Badilisha makumbi kila wiki. Ya zamani yatie kwenye shimo la mboji.

3. Shimo. Chimba urefu wa mita 2.5, upana mita 1, kina sentimita 60. Ukikuta mwamba, ni kazi ya sururu na mtaimbo, kwa hiyo iteni vijana wa kikundi. Upande wa mbali na kichujio, kata mlango mdogo kwenye ukingo, ushuke sentimita 15. Hapo ndipo maji safi yatakapotokea.

4. Kuzuia kuvuja. Hapa msifanye mzaha, maana kitanda kinachovuja ni sawa na kumwaga maji ovyo. Tandika mchanga laini chini na pembeni, uondoe kila jiwe lenye ncha, halafu plastiki nzito ya mita 4 kwa mita 2.5. Itabaki sentimita 15 kila upande ya kukunja juu ya ukingo. Kama kikundi kina uwezo, fundi apige saruji, hudumu zaidi.

5. Mawe. Weka mawe makubwa kama ngumi pale maji yanapoingia na pale yanapotokea. Katikati jaza kokoto ngumu zilizooshwa, mpaka kimo cha sentimita 50. Msitumie matumbawe laini yanayosagika, yatakuwa unga na kuziba. Maji yatajaa mpaka sentimita 45 kisha yatatoka mlangoni, kwa hiyo sentimita 5 za juu zitabaki kavu.

Hebu tupige hesabu. Kati ya kokoto na kokoto kuna nafasi, na tukizijumlisha hufika kama sehemu 4 kwa 10 za kitanda. Kitanda chetu basi kinabeba takribani lita 450. Kwa lita 120 kwa siku, maji yatakaa humo karibu siku nne kabla ya kutoka. Ndio muda wa vijidudu na mizizi kufanya kazi. Ukiongeza wageni na maji yakawa lita 240, yatakaa siku mbili tu, na hayatasafika vizuri. Kwa hiyo pima maji yako kabla ya kuchimba.

6. Kupanda. Panda mistari mitatu, mimea minane kila mstari, jumla 24, umbali wa kama sentimita 30. Mizizi ifike kwenye maji. Wakati mzuri ni mwanzo wa masika au vuli. Wiki mbili au tatu za kwanza tia maji safi, halafu changanya kidogo kidogo na ya sabuni mpaka mimea izoee.

7. Mwisho wa maji. Yanayotoka yaelekeze kwenye migomba, mipapai au mnazi. Ukipenda uzuri, chimba karo dogo la upana wa mita moja, litandike plastiki, maji yapite humo kwanza. Karo hili ndilo la mayungiyungi na samaki.

MIMEA GANI?

Mafunjo. Haya ndiyo ya kwanza kwa kitanda cha plastiki. Hukua upesi, na mashina yake yakikauka hufumwa.

Majani marefu yenye kichwa cha kahawia kama mshikaki. Kila mtu aliyepita kando ya bwawa ameyaona. Ni magumu, hayajali maji machafu.

Matete. Ni hodari sana wa kusafisha, na fito zake hujenga ua. Lakini mizizi yake ina ncha na huweza kutoboa plastiki. Yapandwe kwenye kitanda cha saruji tu.

Mkindu. Huu haupandwi ndani ya mawe bali pembeni, kwenye udongo wenye unyevu. Akina mama wa mikeka, mwajua thamani ya ukindu, na mwajua siku hizi tunavyoufuata mbali. Mikindu miwili mitatu kila ua, baada ya miaka kikundi kitakuwa na ukindu wake.

Yungiyungi. La karoni. Majani yake mapana hufunika maji yasipate jua kali, na ua lake la samawati hufunguka mchana. Hili ni la kwetu, hukua kwenye mabwawa ya pwani bila kupandwa na mtu.

Majimbi. Asili yake si hapa, yaliletwa zamani na yakazoea. Yanapenda pale maji yanapotokea. Lakini yale ya kwenye maji ya sabuni yaacheni yawe mapambo. Ya kula pandeni kwingine.

Na sasa onyo. Kuna mmea unaoelea wenye ua zuri la zambarau: gugumaji. Asili yake ni Marekani ya Kusini. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria walianza kuhangaika nao karibu mwaka 1990, ukafunga bandari na kuzuia mitumbwi ya wavuvi. Ukipewa zawadi, kataa. Mvua moja kubwa yatosha kuutoa uani kwako mpaka mtoni.

Mnapokwenda kuchukua mbegu bwawani, ombeni ruhusa ya wenye eneo, kata kipande cha mzizi chenye chipukizi, na kila mahali muache mimea mingi kuliko mliyochukua. Kisha gawaneni vipande kutoka kitanda kimoja hadi kingine ili msirudi tena bwawani. Mikoko ya Mtwapa msiiguse. Ile iko kazini tayari, inachuja maji ya hori nzima.

KICHOCHO NA MBU

Kichocho kipo pwani yetu. Kidudu chake hukua ndani ya konokono wa maji matamu, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu. Kwa hiyo unapochukua mimea bwawani, vaa buti na glavu. Mizizi ioshe kwa maji safi mbali na karo, toa kila konokono na mayai yake, yale yanayofanana na ute ulioganda chini ya jani. Weka mimea kwenye beseni siku chache, angalia tena, ndipo upande. Watoto wasiingie karoni kuchezea.

Karoni tia perege wadogo wawili watatu, wale wengine huwaita tilapia, ili wale viluwiluwi vya mbu. Ngoja kwanza mimea ishike vizuri, maana sabuni nyingi huwaua samaki. Hao ni wafanyakazi, si kitoweo. Ukikosa samaki, usichimbe karo kabisa. Kitanda cha mawe peke yake chatosha, maji yaende moja kwa moja kwenye migomba.

KUTUNZA

Kila wiki badilisha makumbi na utazame kama mawe ya juu ni makavu. Maji yakionekana juu, kuna mahali pameziba. Mara nyingi ni pale mwanzo, toa mawe makubwa uyaoshe. Kila miezi michache kata mashina yaliyozeeka. Usipoyakata yataoza humo humo, na uchafu mmea uliounyonya utarudi majini. Dawa kali za kung'arisha nguo zisiingie, zinaua vijidudu vinavyotufanyia kazi.

Tusidanganyane pia. Maji yanayotoka hapa ni ya miti. Si ya kunywa, si ya kuoshea mboga za kuliwa mbichi. Na kitanda hiki hakisafishi kisima kilichokwisha kuchafuka. Maji ya kisima endeleeni kuyachemsha au kuyatia dawa, na choo cha shimo kilicho karibu na kisima bado ni tatizo kubwa kuliko beseni la jikoni. Kitanda kinapunguza mzigo, hakiuondoi wote. Lakini nyumba ikipunguza, na ya pili, na ya tatu, mtaa mzima unapata nafuu, maana chini ya ardhi visima vyetu havina ua kati yake. Ninachomwaga mimi, jirani anakiteka.

KAZI YA KIKUNDI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nawashauri muanze na kitanda kimoja tu, kwa mwanachama mwenye maji mengi na nia ya kukitunza. Chimbeni pamoja kwa zamu kama mnavyofanya merry-go-round. Kitazameni msimu mmoja mzima, masika mpaka kiangazi. Kikifaulu, mama huyo atoe vipande vya mimea kwa nyumba ya pili, naye mwenye nyumba ya pili ampe wa tatu.

Maswali ya kuzungumzia mkutanoni:

1. Nyumbani kwako maji ya jikoni na bafuni yanamwagwa wapi? Kutoka hapo mpaka kisimani ni hatua ngapi? Kapimeni kabla ya mkutano ujao.

2. Ni nyumba ngapi zinateka kisima kimoja na chenu? Nani azungumze nazo?

3. Zamani maji yalituama wapi mtaani kwetu, na mimea gani ilikuwa inaota hapo? Waulizeni wazee. Leo pana nini?

4. Ni nani kati yetu ana nafasi, mteremko mzuri na moyo wa kuanza?

Msipojibu mengine yote, jibuni lile la kwanza. Chukueni kamba, pimeni, andikeni kwenye daftari la kikundi. Nikija ziara ijayo nitaanza kwa kulifungua daftari hilo.